Kwanza Uliza Kimeandikiwa Nani

Wengi wetu tukinunua kitabu cha mwongozo wa safari tunaangalia jalada na bei, basi. Mimi nilinunua cha mtumba, cha "safari za bei nafuu", tulipopanga kwenda Zambia kwa treni ya TAZARA. Ukurasa wa viza ulitaja ada kwa dola. Bumu lilikuwa limeshakatika, kidogo tuahirishe safari. Kumbe ada ile si yetu: Mtanzania anaingia Zambia bila viza. Tukafika Lusaka usiku, gesti iliyosifiwa kitabuni imeshakuwa duka la vipuri.

Vitabu hivi si vibaya. Ila tangu Tony na Maureen Wheeler watoe Across Asia on the Cheap mwaka 1973, msafiri anayefikiriwa zaidi ni kijana wa Ulaya, Marekani au Australia. "Nafuu" yake inaweza kuwa kodi yako ya mwezi.

Kwa hiyo kabla hujalipa, tazama mwaka wa toleo, kisha tafuta pasi yako kwenye ukurasa wa viza. Ramani itumie, bei na malazi waulize waliotoka huko juzijuzi.

Sisi wa ualimu tutawafundisha watoto kuuliza: hiki kimeandikwa lini, na kwa ajili ya nani? Tuanze na pochi zetu.