Tahadhari Tumeichukua, Sasa Tukimbilie Wapi?

Kila mvua zikikaribia, redio hutuambia maneno yale yale: wananchi wanaoishi mabondeni na kandokando ya ziwa wachukue tahadhari. Taarifa inaishia hapo, muziki unaendelea. Tahadhari yenyewe ni kitu gani, inachukuliwa vipi, na mwenye watoto watano na bibi asiyeweza kutembea anaichukuaje usiku wa manane, hakuna anayesema. Sisi watu wa Lamadi, wachuuzi wa dagaa wa mwaloni, vijana wa bodaboda wa njia panda ya Bariadi, mama lishe wa stendi, wakulima wa pamba na mpunga, tumeyasikia maneno hayo miaka nenda rudi. Leo tunayajibu.

Kwanza tuseme hatukatai kuonywa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo, na imeupangia ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, kila ngazi na rangi yake. Kazi hiyo tunaiheshimu. Shida inaanza utabiri ukishatoka Dar es Salaam. Ile picha yenye rangi inamfikia mwenye simu kubwa na bando. Anaiangalia, anairusha kwenye kundi la ukoo, basi. Mwenye kiswaswadu hapati kitu, na wenye kiswaswadu ndio wengi mwaloni. Hata aliyeiona, nani amemweleza kwamba njano maana yake hivi na chungwa maana yake vile? Nikiona njano nisiingie ziwani kabisa, au niingie nirudi mapema? Mtu anabaki kubahatisha, na mwenye njaa akibahatisha huelemea upande wa kwenda.

Ziwa hili lina tabia ambayo kila mvuvi wa Ghuba ya Speke anaijua mwilini hata kama hajaisoma. Mchana upepo unatoka majini kuja nchi kavu. Usiku ardhi inapoa upesi, maji yanabaki na joto lake, basi upepo unageuka na kuelekea ziwani kutoka pande zote, Mwanza, Musoma, Bukoba, hadi Kenya na Uganda. Pepo hizo zinakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda juu, mawingu yanasimama kama milima, na kabla ya alfajiri ni radi na mawimbi. Sasa dagaa nao huvuliwa usiku, kwenye giza la mwezi, kwa taa. Saa ya riziki na saa ya dhoruba ni ile ile. Anayetaka kumwonya mvuvi wa dagaa amwonye kabla ya saa kumi na moja jioni, pale pale mwaloni, kwa kinywa cha mtu anayemfahamu. Ingetosha kitambaa chekundu juu ya mlingoti siku ya hatari na cheupe siku ya salama. Hiyo haihitaji bando. Tumeomba, tukaambiwa mipango ipo.

Na laifu jaketi? Vijana wanaajiriwa kwa mgawo wa samaki, mtumbwi si wao, injini si yao, taa si zao. Mwenye chombo akinunua jaketi mbili za kuonyesha wakaguzi, watu sita wanaingia ziwani. Mama zao ndio wanaobaki ufukweni wakihesabu taa zinazorudi.

Watu husema ukombozi unatoka juu. Sisi tumeona unakotoka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kule Ukerewe ng'ambo ya ghuba yetu. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Waliofika kwanza walikuwa watu wa mitumbwi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilitumbukia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, na waliofika kwanza walikuwa wavuvi tena. Watu 24 walitoka hai. Kama ni hivyo, kwa nini mafunzo, kamba, maboya na boti yenye mafuta havikai kwa hao wanaofika kwanza?

Lakini dukuduku letu kubwa ni maji yenyewe yanapopanda.

Wazee walitusimulia kwamba baada ya zile mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, ziwa lilipanda na kuendelea kupanda hadi 1964, likameza mashamba. Tulisikiliza kama hadithi. Hakuna ofisi iliyokuja kuwauliza wazee maji yalifika mti gani, na sisi wenyewe, tukiri, hatukuweka alama hata kwa kuchora jiwe. Mei 2020 kipimo cha Jinja, kule maji ya ziwa yanakotokea kuingia Nile, kikasoma mita 13.42, juu kidogo ya ile rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño, ziwa likapanda tena. Wale wazee wangekuwa hai wangetuonyesha kwa fimbo: msijenge hapa.

Asiyeishi hapa anadhani maji huja kwa mlango kama mgeni. Hayaji hivyo. Yanaanzia chooni. Unaamka alfajiri, shimo la choo ambalo jana lilikuwa na kina cha kutosha limejaa hadi juu, na hakuna mvua iliyonyesha usiku. Ziwa limesukuma maji chini ya ardhi. Siku ya pili uani kuna unyevu, unakanyaga majani na kisigino kinazama. Siku ya tatu chura wako jikoni. Ya nne ndipo unaona maji kwa macho, yametulia kabisa, yanang'aa chini ya kitanda. Na yale ya chooni yameshachanganyika na ya kisima. Mwanzoni mwa 2024 mkoa wetu ulipopata kipindupindu, tuliambiwa tunawe mikono. Tulinawa. Tungefurahi pia kuambiwa choo cha kuinuliwa juu ya ardhi ya ziwa kinajengwaje na fundi gani anakijua.

Halafu mtu aliyepoteza nyumba anaambiwa alaumu ukaidi wake, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ni nzuri na shabaha yake tunaielewa. Swali letu ni moja: mita 60 kutoka ukingo upi? Ukingo wa 2019 au wa 2020? Wapo kati yetu waliohesabu hatua zao, wakajenga mbali, wakakuta ziwa limewafuata hadi kizingitini. Watu wa vipimo wangekuja na nguzo za saruji, wakazisimika pale maji yalipofika mwaka ule mbaya, kila mtu akaona, ugomvi ungekwisha. Nguzo moja ingefundisha kuliko mikutano kumi.

Tusidhaniwe tumekaa tukisubiri msaada. Kujiandaa ni desturi ya Usukumani tangu kale. Michembe na matobolwa ni nini kama si maandalizi? Viazi vinakatwakatwa, vinaanikwa, vinahifadhiwa kwa ajili ya mwezi ambao mvua itakataa. Bibi zetu walijua njaa inakuja na hawakungoja tangazo.

Na siku hizi tumeongeza. Kuna mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, jirani yetu, mjane, aliyefukuzwa na maji mwaka 2020. Alitoka na wajukuu wanne na sufuria moja. Vyeti vya kuzaliwa vililowa vikawa uji, na kuvipata upya kulimgharimu nauli za safari nyingi. Sasa ana ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko wa kubana, ameining'iniza kwenye kenchi kwa kamba ya nailoni iliyofungwa fundo la kufyatuka kwa mkono mmoja. Ndani yake kuna kadi za kliniki, vyeti, kitambulisho chake cha NIDA, karatasi za kiwanja, vyote kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Kuna kiberiti ndani ya kichupa cha dawa, tochi ambayo betri zake amezitoa na kuziweka pembeni zisivuje, khanga mbili, chumvi na sukari, dawa ya kutibu maji, paketi za ORS, na karatasi ya daftari iliyoandikwa namba za simu kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu simu ikizima, anasema, na kichwa nacho huzima. Mjukuu mkubwa ndiye mbeba ndoo. Wa pili anamshika mdogo mkono. Wameshafanya zoezi gizani mara kadhaa. Mayu huyu hakusoma zaidi ya darasa la nne. Nyumba nyingi za mtaa wetu sasa zina ndoo, na tulijifunza kwake.

Hatari nyingine tunazo pia. Tuko jirani na lango la Ndabaka la Serengeti na pori la akiba la Kijereshi, kwa hiyo tembo wanatutembelea mahindi yakianza kukomaa. Tunapiga madebe, tunachoma pilipili na kinyesi cha ng'ombe. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama mkali, na kwa mazao kifuta jasho kisichozidi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano. Mwenye hesabu apige mwenyewe, ekari moja ya mahindi inalisha familia miezi mingapi.

Radi ndiyo inayotukosesha usingizi watoto wakiwa shuleni. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe, kule Geita. Mvua ilikuwa inanyesha, watoto walikuwa darasani, mahali ambapo sisi wazazi tunaamini ndipo salama. Wengine wetu bado wanasema radi hutumwa, na hatutagombana nao leo. Anayeweka kinga ya radi juu ya paa, yenye waya ulioshuka hadi ardhini, analinda watoto wa wanaoamini na wa wasioamini. Tunachangishwa michango mingi ya shule. Mchango wa kinga ya radi tungeutoa kesho asubuhi.

Turudi kwenye lile neno tahadhari. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, na ndani yake kamati za maafa zinashuka kutoka taifani, mkoani, wilayani, hadi kijijini. Tuliposikia tulifurahi. Tukaulizana: wajumbe wetu ni akina nani? Mmoja alidhani ni mwenyekiti peke yake. Mwingine alidhani kamati huundwa maafa yakishatokea, ili kugawa mablanketi. Huko Hanang', Desemba 2023, tope liliposhuka mlimani na kuua zaidi ya watu 80, nchi nzima ilichanga, na sisi tulichanga tulichokuwa nacho. Moyo wa kutoa upo. Ule wa kukutana Agosti, jua likiwa kali, kupanga nani atambeba nani, ndio tunaoutafuta.

Wasukuma tuna mwano. Yowe likipigwa, ng'ombe wameibwa au nyumba inaungua, kila mwanamume anayesikia anatoka na kulipokeza mbele. Sungusungu walijengwa juu ya yowe hilo miaka ya themanini. Tungependa kujua nani amepewa kazi ya kupiga mwano wa maji, na tukishatoka tuelekee upande gani: shule ipi, kanisa lipi, msikiti upi, funguo ziko kwa nani.

Swali hilo liliulizwa mkutanoni. Mgeni alikuwa amemaliza kuzungumza, amesema tuchukue tahadhari, na ilikuwa imebaki kufunga. Yule mayu wa ndoo akasimama.

"Baba, shikamoo. Mimi nimejiandaa. Maji yakija usiku, niwapeleke hawa wajukuu wapi?"

Mgeni aliitikia marahaba, akaandika kwenye daftari, akasema swali limepokelewa. Mvua mbili zimeshapita. Mayu humuuliza mwenyekiti kila wakikutana njiani, na mwenyekiti, ambaye hata yeye hajaambiwa, humwangalia na kusema, "Bado, mayu, bado."