Njia ya Mgunda Mkali isiachiwe moto

Kusini mwa mkoa wetu wa Singida, kati ya Manyoni na mpaka wa Tabora, lipo pori ambalo misafara ya karne ya 19 ililiita Mgunda Mkali. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora, walilikata kwa siku nyingi, na kilichowatia hofu zaidi ni kiu. Wasafiri Burton na Speke walipita humo mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, nao wametuachia habari za korongo la Mabunguru, lililobakiza madimbwi kati ya miamba hata kiangazi. Njia ilifuata maji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ikahamia kwenye mabehewa na vichaka vikaimeza njia. Leo mtoto wa Utemini, mjini Singida, anaweza kumaliza shule bila kuambiwa kwamba njia kuu ya biashara ya bara ilipita mkoani kwake.

Nasema njia hiyo na makorongo yake vitafutwe, viwekewe alama, na watu wavitembelee kwa miguu wakiongozwa na wenyeji. Sababu yangu kubwa ni moto. Vichaka vya Itigi, vilivyomo katika pori hilo, vimesongamana kiasi kwamba nyasi hazioti chini yake, kwa hiyo vikiwa vizima moto hukosa cha kushika. Vikifyekwa kwa shamba au mkaa, nyasi huingia, moto hufuata nyasi, na mwaka baada ya mwaka kichaka hurudi nyuma bila kuota tena. Uharibifu huo huanzia pembeni, kidogo kidogo, mahali pasipo na macho. Anayepita njia ileile kila msimu ndiye atakayeuona ukiwa bado hatua chache.

Wapo watakaosema kufungua njia ni kuwafungulia wachoma mkaa. Hoja hiyo ina uzito, lakini wachoma mkaa hawajawahi kungoja njia ya mtu. Wanachokosa humo ni mashahidi. Wengine watasema inatosha kupiga marufuku moto. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 tayari inazuia kuchoma bila kibali, na bado pori linaungua. Tena si kila moto ni sawa: katika miombo ya jirani, nyasi zikiachwa hadi Septemba huwaka kwa ukali unaoua miti. Moto wa mapema, nyasi zingali na unyevu, hupita kwa upole. Ndani ya vichaka vyenyewe moto usiingizwe kabisa. Mfugaji nyuki anaijua tofauti hiyo, kwa kuwa kichaka kikiungua maua yake yameungua.

Halmashauri za Manyoni na Itigi, pamoja na Wakala wa Huduma za Misitu, ziwaite wazee wa Kikimbu na Kigogo wanaoyajua makorongo hayo kwa majina, zitembee nao, na ziweke alama za kwanza kabla nyasi za mwaka huu hazijakauka.