Mkataba wa Roma na Mahakama Kuu ya Kakamega



Kila risasi zinapomiminwa kwa waandamanaji, na kila mwanasiasa anapomtisha mwenzake, jina moja hurudi vinywani mwa Wakenya: Hague. Wengine hulitaja kama kiboko, wengine kama ukoloni uliobadilisha kanzu. Nami nawaandikia ninyi wa Kakamega kutoka ughaibuni, ambako gesi ya kutoa machozi ya Nairobi haitufikii na kupiga kelele ni rahisi mno, kwa hiyo nitajaribu kujenga hoja badala ya kelele. Hoja yenyewe ni kwamba tumeutazama vibaya Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, inayoketi Hague. Tumeuona kama njia ya kuwasafirisha wakubwa kwenda Uholanzi, kumbe sehemu yake inayotufaa zaidi iko ndani ya sheria ya Kenya, na Mahakama Kuu inaweza kuitumia popote inapoketi, pale Kakamega ikiwemo.

Tuanze na jinsi tulivyoingia, kwa sababu wapo wanaosema tuliburutwa. Mkataba ulipitishwa Roma mnamo Julai 1998 kwa kura 120 dhidi ya 7. Kenya ilitia sahihi Agosti 1999. Sahihi ni posa tu. Ndoa ni kuridhia, na Kenya iliridhia tarehe 15 Machi 2005, kwa hiari yake, chini ya serikali iliyochaguliwa na Wakenya. Kwa kanuni za mkataba, nchi inayoridhia huanza kubanwa siku ya kwanza ya mwezi unaofuata baada ya siku 60 kupita, na ndiyo maana kwetu ulianza kazi tarehe 1 Juni 2005. Wanaolalamika kwamba mwananchi hakuulizwa wana haki: wakati ule kuridhia mikataba ilikuwa kazi ya serikali kuu, na Bunge halikulazimika kushirikishwa. Lakini kasoro hiyo tuliiziba wenyewe. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu mikataba inataka Bunge liidhinishe kwanza, na kabla ya hapo Katiba ya 2010 ilikuwa imeshasema, katika kifungu cha 2(6), kwamba mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kifungu cha 143(4) kinaongeza kwamba kinga ya rais haifiki kwenye makosa ambayo mkataba wa aina hii umekataza kinga. Katiba hiyo tuliipigia kura.

Sasa angalieni tarehe nyingine, ambayo haizungumziwi sana. Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa, iliyouingiza mkataba katika mahakama zetu, ilitungwa mwaka 2008 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2009. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ambayo tume ya uchunguzi ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 ndani yake, 405 kati ya hivyo vikiwa vya risasi, yalitokea mkataba ukiwa tayari umetubana lakini sheria ya nyumbani ikiwa bado haijaanza. Waki alipendekeza mahakama maalumu ya hapa nchini ili kuziba pengo hilo. Mnamo Februari 2009 mswada wake ulianguka Bungeni, baadhi ya wabunge wakisema heri Hague kuliko majaji wa Nairobi. Mwendesha mashtaka wa ICC alipotangaza majina sita ya washukiwa mnamo Desemba 2010, Bunge hilohilo, ndani ya siku chache, likapitisha hoja ya kutaka Kenya ijiondoe. Septemba 2013 hoja kama hiyo ikapita tena. Hata hivyo hakuna notisi iliyowahi kupelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na bila notisi hiyo nchi haijiondoi. Ikipelekwa, husubiri mwaka mzima, na haifuti wajibu uliokwisha kuzaliwa. Burundi ilifuata utaratibu huo, ikatoka Oktoba 2017. Sisi tulipiga kura za hasira, tukabaki wanachama.

Mtaniuliza, na kesi zenyewe zilizaa nini? Hazikuzaa hukumu. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, yaliondolewa Desemba 2014. Kesi ya William Ruto, naibu wake wa wakati huo, na mtangazaji Joshua Sang ilifutwa Aprili 2016, bila wao kutangazwa kuwa hawana hatia na bila kupatikana na hatia. Mmoja wa majaji waliokubali kuifuta alizungumzia mashahidi kuingiliwa. Mwaka huohuo majaji waliipeleka Kenya mbele ya mkutano wa nchi wanachama kwa kutotoa ushirikiano katika kesi ya Kenyatta. Hayo yote nayakubali, na ndiyo msingi wa hoja yangu. Mahakama isiyo na polisi wake, iliyo mbali na mashahidi, hutegemea serikali ileile ambayo viongozi wake wako kizimbani. Anayesema Hague haiwezi kuwa ngao yetu ya kwanza anasema kweli. Mkataba wenyewe unasema hivyo: ICC huingia pale tu nchi isipotaka au isipoweza kushtaki kwa dhati.

Pingamizi lililochoka kidogo ni kwamba mahakama hiyo iliundwa kwa ajili ya Waafrika. Uganda na Kongo zilipeleka kesi zao zenyewe, mwaka 2003 na 2004, na nchi zote mbili zilikuwa zimeridhia mapema kuliko sisi. Tangu Machi 2023 kuna hati ya kumkamata Vladimir Putin, tangu Novemba 2024 kuna ya Benjamin Netanyahu, na Machi 2025 Rodrigo Duterte wa Ufilipino alifikishwa Hague. Linalouma kweli ni kwamba Marekani, Urusi na China hazimo katika mkataba, na Marekani imewawekea vikwazo hata maafisa wa mahakama. Huo ni unafiki wa wakubwa, nao hauponywi na mama wa Shirere au Lurambi, hapo Kakamega, kunyimwa haki yake.

Turudi nyumbani. Agosti 2017, Kisumu, kama kilomita 50 kutoka kwenu, polisi walivamia nyumba usiku baada ya uchaguzi, na mtoto wa miezi sita akapigwa hadi akafa. Mwaka 2019 mahakama ya Kisumu ilisema polisi wanawajibika. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alitangaza kuwafungulia maafisa 12 mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kwa mambo yaliyotendeka katika operesheni hiyo: mauaji, ubakaji, mateso. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya 2008 kutumiwa hivyo. Kwa nini si mashtaka ya kawaida ya mauaji? Kwa sababu katika mashtaka ya kawaida kila kitu huishia kwa konstebo aliyeshika rungu, naye mara nyingi alivaa kofia iliyomficha uso. Mkataba wa Roma unamfikia kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, asizuie wala kuadhibu. Sheria yetu imeichukua kanuni hiyo nzimanzima. Si kila risasi ya polisi inafika kiwango hicho, maana lazima kuwe na shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia. Lakini linapokuwepo, cheo hakimfichi mtu. Kesi hiyo ya Kisumu imeahirishwa mara baada ya mara, na mkisoma magazeti mtaona haipati hata robo ya nafasi tuliyoipa safari moja ya ndege kwenda Amsterdam.

Wakili mwenye shaka atasema majaji wetu hawawezi kesi nzito kama hizo. Lakini Februari 2011 mahakama ya kijeshi inayohamahama iliketi Baraka, Kivu Kusini, katika mojawapo ya pembe maskini zaidi za Kongo, ikamhukumu luteni kanali miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu, wanawake waliobakwa na askari wake wakitoa ushahidi palepale. Uganda iliunda kitengo maalumu katika Mahakama Kuu yake, na Oktoba 2024 kikampa Thomas Kwoyelo wa kundi la waasi la LRA kifungo cha miaka 40. Kesi hiyo ilivuta miaka mingi mno, siwafichi. Kwetu, Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza kitengo cha namna hiyo mwaka 2012, na mpaka leo hakuna jaji aliyeketi ndani yake. Nchi iliyompeleka Joyce Aluoch kuwa jaji wa ICC kwa miaka tisa haiwezi kudai imekosa wataalamu.

Kwa hiyo mgombea ubunge au useneta akija Kakamega kuomba kura za 2027, na akaanza kuimba kujitoa au kuwapeleka wenzake Hague, mrudisheni kwenye mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Mwulizeni atapigania fedha kiasi gani kwa ajili ya kuwalinda mashahidi, kwa kuwa tumeona kesi huanza kufa hapo. Mwulizeni kitengo cha 2012 kimezuiwa na nani. Mwulizeni kama anaijua sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2009. Nasi wa ughaibuni, tunaochangia kampeni kwa dola na pauni, tuwaulize maswali hayohayo kabla hatujatuma pesa.