MBWA ALIYEUMA AFUNGWE, ASIUAWE

Askari aliye zamu katika mitaa ya Kigali hukutana na mengi, na mojawapo ni wananchi wanaomjia mbio wakipiga kelele kwamba mbwa amemwuma mtoto. Wanamtazama yeye, kisha wanaitazama bunduki yake. Wanachotaka kinajulikana: mbwa auawe, tena auawe hapo hapo. Leo tunapenda kusema na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya saa hiyo, kwa kuwa uamuzi unaotolewa katika dakika chache hizo unaweza kuokoa maisha ya mtu au kuyapoteza.

Kichaa cha mbwa, ambacho wananchi wetu hukiita ibisazi by'imbwa, si ugonjwa wa mzaha. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia mwilini kwa njia ya jeraha, na kufuata mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Kwa kawaida dalili humtokea binadamu baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa zinaweza kutokea baada ya wiki moja tu au baada ya mwaka mzima. Dalili hizo zikishaanza, karibu hakuna aponaye. Wataalamu wamekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu wote huambukizwa na mbwa. Sehemu kubwa ya wanaokufa ni watoto.

Lakini ugonjwa huu unaoua bila huruma unayo kinga ya hakika. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mjini Paris mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, imejulikana kwamba mtu aliyeumwa anaweza kuokolewa endapo atachanjwa kabla dalili hazijaonekana. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa askari aliyefika mahali pa tukio si juu ya mbwa bali ni juu ya mtu. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15. Lisipakwe majani, mafuta wala majivu. Kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje kesho, hata kama jeraha ni dogo na mbwa anaonekana mzima.

Wajibu wa pili ndio unaohusu mbwa, na hapa ndipo mara nyingi mambo huharibika. Mbwa mwenye kichaa hutoa virusi katika mate yake siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, na akishaonyesha dalili hufa upesi. Kutokana na ukweli huo imewekwa kanuni ya siku 10, inayotumika duniani kote. Mbwa au paka aliyeuma hufungwa peke yake mahali salama, hupewa chakula na maji, na daktari wa mifugo humwangalia. Siku 10 zikipita naye bado ni hai na mzima, basi siku ile alipouma hakuwa na kichaa katika mate yake, na daktari anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Akiugua au akifa kabla ya hapo, daktari naye anajua kwamba hana budi kuzikamilisha zote.

Sasa na tujiulize: mbwa huyo akipigwa risasi na kutupwa shimoni, nani atatwambia kama alikuwa mgonjwa? Askari mpelelezi hamwui shahidi. Mbwa aliyeuma ni shahidi pekee tuliye naye, na ushahidi wake haupatikani kwa njia nyingine ila kwa kumwangalia akiwa hai, au kwa kupima ubongo wake akiwa amekufa. Mtu aliyeumwa na wazazi wake hubaki na wasiwasi kwa miezi mingi kwa sababu ya risasi moja iliyopigwa kwa haraka. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, nasi hatuoni mahali ambapo msemo huo ungefaa zaidi.

Hatusemi kwamba askari aache watu wararuliwe. Mbwa aliyekwisha kushikwa na kichaa, anayeshambulia kila apitaye na asiyeweza kukamatwa, lazima auawe. Hata hivyo asipigwe kichwani, kwa maana ubongo ndio upimwao. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu. Daktari wa mifugo aitwe, akikate kichwa kwa utaratibu unaotakiwa, na kipelekwe kikiwa katika barafu kwenye maabara ya mifugo ya Rubirizi. Kufanya hivyo ni kazi ya ulinzi wa raia, kama kazi nyingine yoyote ya askari.

Tunafahamu kwamba katika nchi hii jambo la mbwa lina kumbukumbu nzito. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa walizoea kula maiti za watu wetu, na wapiganaji wa RPA waliokuwa wakisonga mbele waliwapiga risasi. Risasi zile zilikuwa na sababu ambayo hakuna mwenye moyo wa kibinadamu awezaye kuilaumu. Wapo wazee katika majeshi yetu wanaoyakumbuka hayo mpaka leo. Lakini wajibu wa siku zile sio wajibu wa leo. Siku zile askari alikuwa akilinda heshima ya wafu. Leo anatakiwa kulinda uhai wa walio hai, na kwa kazi hiyo mnyororo na chanjo vinafaa kuliko risasi.

Tena mambo yaliyotokea kwingineko yanatufunza. Katika kisiwa cha Flores, huko Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 1997. Mbwa wengi mno waliuawa, lakini ugonjwa haukuondoka. Karibu nasi, katika kisiwa cha Pemba, kampeni za kuchanja mbwa ziliutokomeza ugonjwa huu kufikia mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, chanjo iliutokomeza tena. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuua bila mpango huondoa hata mbwa waliokwisha kuchanjwa, na nafasi zao hujazwa na wengine wasio na kinga.

Sheria Namba 54/2008 ya tarehe 10 Septemba 2008, inayohusu kuzuia na kupambana na magonjwa ya kuambukiza ya mifugo, ipo. Kinachotakiwa ni watu wa kuisimamia bila woga wala upendeleo. Iwe ni Gasabo, Kicukiro au Nyarugenge, mwenye mbwa aliyeuma asiruhusiwe kumficha, kumwuza, kumgawa wala kumwua kwa siri usiku. Tukio liandikwe katika daftari la kituo pamoja na tarehe, jina la mwenye mbwa na mahali anapofungwa, na siku ya kumi askari arudi kuhakikisha. Mbwa wa bwana mkubwa ana meno sawasawa na mbwa wa mnyonge. Ikiwa wa mnyonge anafungwa na wa bwana mkubwa anaachwa, basi hakuna karantini, pana maonevu tu.

Na tuanzie nyumbani kwetu. Mbwa wasio na mwenyewe hupenda kuzunguka majiko ya kambi kwa ajili ya makombo. Mbwa wa ulinzi nao hufungwa malangoni, ambako huwakaribia watu kila siku. Hao wote wachanjwe, makombo yafukiwe, na mbwa wa kambi akiuma afungwe siku 10 kama mwingine yeyote, hata awe mpenzi wa mkuu wa kikosi. Askari hawezi kumwamuru raia atii kanuni ambayo yeye mwenyewe haitii.

Mataifa yamejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyoletwa na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitatimizwa na madaktari peke yao, kwani anayefika kwanza mahali pa tukio mara nyingi ni askari. Tunatoa wito kwa kila mkuu wa kituo na kila kiongozi wa kikosi awafundishe walio chini yake mambo matatu: jeraha lioshwe, aliyeumwa apelekwe kwa daktari, na mbwa afungwe. Siku wananchi watakapomjia tena askari wakiitazama bunduki yake, na awaulize kwanza: mtoto yuko wapi, na sabuni iko wapi?