Mkandarasi Asiyewalipa Wadogo Wake Atiwe Adabu



Sisi makarani tuandikao hati za malipo twaijua vema safari ya fedha za Serikali mpaka zimfikie mkandarasi. Kazi hupimwa, mhandisi hutoa cheti, hati huandikwa, mkaguzi huitazama, mwenye mamlaka hutia sahihi, kisha fedha huingia benki. Hapo hulifunga jalada tukadhani tumemaliza. Walakini aghalabu kazi ile haikufanywa na mkandarasi mmoja. Yuko aliyechimba msingi, yuko aliyeleta mchanga na kokoto, yuko aliyefunga mabomba, yuko aliyetandika nyaya za umeme, na yuko aliyepaka rangi. Hao ndio makandarasi wadogo, na malipo yao yamo ndani ya hati ile tuliyoiandika. Je, yamewafikia? Jalada halisemi.

Neno langu ni hili: mkandarasi aliyesajiliwa, akiisha kulipwa naye asimlipe mdogo wake pasipo sababu ya haki, atiwe adabu katika usajili wake. Jambo lake lisiachwe kuwa daawa ya watu wawili tu.

Najua wako watakaonijibu kwamba deni ni la aliyekopa na aliyekopesha, na mahakama zipo. Ni kweli zipo. Lakini tufikiri hali ya fundi bomba aliyekwisha kutumia shilingi 4,000,000 kununua vifaa na kuwalipa vibarua wake. Akienda mahakamani, atatafuta wakili, ataacha kazi siku za kusikilizwa shauri, na huku mwenye duka la vifaa anamdai. Tena mkandarasi mkuu ndiye mwenye kumpa kazi ya kesho. Akimshitaki leo, kesho hataitwa. Basi wengi hunyamaza, na huyo mkubwa akaona kwamba kutolipa kuna faida, kwa maana fedha ya mwenzake imekuwa mkopo wake usio na riba.

Wala fundi huyo hawezi kuja ofisini kwetu kudai. Kanuni ya mikataba ni kwamba mkataba huwafunga wale walioufanya. Serikali ilipatana na mkandarasi mkuu, na mkandarasi mkuu akapatana na fundi. Baina ya Serikali na fundi hapana mapatano. Akituuliza, tutamwambia kweli kwamba jina lake halimo. Hivyo milango yote imefungwa ila mmoja, nao ni mlango wa usajili.

Katika Tanzania mtu hafanyi kazi ya ukandarasi kwa kujitakia. Sheria ya Usajili wa Makandarasi, namba 17 ya mwaka 1997, iliweka Bodi, na Bodi huwaandika makandarasi katika daftari lake kwa madaraja, na kwa wale wa majengo daraja ni 7. Usajili huo si pambo la kutundika ukutani. Ni ushuhuda mbele ya watu wote kwamba huyu ana uwezo na ni mwaminifu. Kwa ushuhuda huo Serikali humpa kazi, na kwa ushuhuda huo huo fundi mdogo humwamini akatanguliza mali yake. Ikiwa fundi ametegemea daftari, ni haki daftari limlinde.

Nasi tumeona mara kadhaa Bodi ikiwafuta makandarasi kwa sababu hawakulipa ada zao za mwaka. Siwalaumu, kwa kuwa ada ni wajibu. Bali nauliza: mtu afutwaye kwa kutolipa ada ya Bodi, kwa nini awe salama akila jasho la mafundi 10?

Jambo hili si geni duniani. Katika jimbo la California, huko Marekani, sheria yamwamuru mkandarasi mkuu kuwalipa wadogo wake katika muda wa siku 7 tangu apokeapo malipo ya kazi, isipokuwa wamepatana vingine kwa maandishi. Asipofanya hivyo hutozwa asilimia 2 ya deni kwa kila mwezi, na kosa lenyewe ni sababu ya kutiwa adabu katika leseni yake. Kwa mfano wa yule fundi wetu wa shilingi 4,000,000, ingekuwa shilingi 80,000 kila mwezi. Sheria hiyo haimwonei mkubwa. Kama kuna ugomvi wa kweli juu ya kazi, aweza kuzuia fedha, lakini isipite mara moja na nusu ya kiasi kinachogombewa.

Uingereza nao walitunga sheria katika mwaka 1996, wakabatilisha lile sharti la kumwambia mdogo, “Utalipwa nitakapolipwa,” isipokuwa pale mwenye kulipa juu yao amefilisika. Tena wakaweka mwamuzi wa kukata ugomvi kwa siku 28. Ni sheria njema, lakini huko hakuna daftari la leseni kwa makandarasi wote kama letu. Kampuni kubwa ya Carillion ilijulikana kwa kuwakalisha wadogo hata siku 120, na ilipoanguka mwezi Januari 2018, iliwaacha wadai wapatao 30,000 na deni lipatalo pauni bilioni 2. Sisemi kwamba daftari lingezuia kufilisika. Nasema kwamba mwenye daftari aweza kumwonya mchelewa tangu mwezi wa kwanza, kabla deni halijawa mlima.

Sasa nije kwenye hoja iliyo nzito kuliko zote. Makandarasi husema, “Tutawalipaje wadogo, na Serikali yenyewe imetuchelewesha?” Hapo, ndugu zangu, tuinamishe vichwa, maana mara nyingi husema kweli. Hati hulala mezani, fungu la fedha huchelewa kufika, na jalada huzunguka kutoka chumba hata chumba. Haifai kumwadhibu mtu kwa kosa la ofisi. Kwa hiyo siku zihesabiwe tangu fedha ilipoingia benki kwake, wala si tangu kazi ilipokwisha. Asiyelipwa bado hana hatia; aliyelipwa akanyamaza ndiye mwenye hatia.

Nionavyo mimi, mambo manne yangetosha.

Kwanza, iwekwe wazi katika kanuni kwamba kutomlipa mkandarasi mdogo baada ya kulipwa ni kosa la usajili, na siku za kulipa zitajwe kwa hesabu.

Pili, adabu iwe kwa daraja: onyo kwanza, kisha faini, kisha kusimamishwa, na mwisho kufutwa kwa arudiaye kosa. Na kila mmoja apewe nafasi ya kujitetea, kwa maana wako na mafundi walioharibu kazi, nao hudai kama walioitengeneza.

Tatu, mkandarasi aombapo malipo ya pili alete stakabadhi za wadogo wake kwa malipo ya kwanza. Masharti ya ujenzi ya shirikisho la wahandisi la FIDIC, yaliyotolewa mwaka 1999, yampa mhandisi uwezo wa kudai ushahidi wa namna hiyo, na yampa mwenye kazi uwezo wa kumlipa mdogo moja kwa moja ushahidi usipoonekana. Lakini uwezo huo ni kwa wale wadogo walioteuliwa na mwenye kazi. Yule aliyechukuliwa na mkandarasi mwenyewe hakufikiriwa, na ndiye mnyonge zaidi.

Nne, siku ya malipo kwa mkandarasi mkuu ibandikwe mahali pa kazi, watu wote waisome. Fundi akijua kwamba fedha imetoka tarehe 3, hataambiwa tarehe 20 kwamba Serikali bado haijalipa. Kazi hii haina gharama ila karatasi moja, nasi makarani ndio tuijuao tarehe hiyo kabla ya watu wote.

Naomba Halmashauri ya chama chetu ilizungumze jambo hili katika mkutano ujao, kisha iandike kwa Bodi na kwa wakuu wa Hazina. Wako watakaosema kwamba si shauri letu. Lakini shule isiyokwisha kwa sababu mafundi wameondoka ni shule ya watoto wetu, na paa livujalo kwa sababu fundi asiyelipwa alipunguza misumari ni paa la zahanati tunayotibiwa. Dawa ya deni ni kulipa. Na asiyetaka dawa hiyo, jina lake lisiendelee kukaa katika daftari la waaminifu.

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Hesabu