Mzunguko Mmoja Nao ni Wetu

Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya riadha yaliyofanyika Tokyo, Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni, akawa Mtanzania wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika mashindano hayo. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi. Lakini shangwe hazijapoa likaanza kusikika lile neno la siku zote: mnaona, sisi ni watu wa mbio ndefu, mbio fupi wameumbiwa wengine.

Siku tatu baadaye, katika kiwanja kile kile, ilikimbiwa fainali ya wanaume ya mita 400, yaani mzunguko mmoja. Mshindi alikuwa Collen Kebinatshipi wa Botswana, kijana wa miaka 21, kwa muda wa sekunde 43.53. Wa pili alikuwa Jereem Richards wa Trinidad na Tobago, na wa tatu Bayapo Ndori, Mbotswana mwingine. Huku kwetu wachache waliizungumza fainali hiyo, kana kwamba ilikuwa habari ya watu wasiotuhusu.

Neno hilo la mbio ndefu tunalipinga, kwa kuwa si la kweli na kwa kuwa linawadhuru vijana wetu. Tumeliona likifanya kazi. Katika shule moja tuliyopata kuitembelea, mvulana wa kidato cha pili aliwaacha wenzake wote mbali katika mzunguko mmoja. Mwalimu wa michezo alimwita, akampongeza, kisha akamwambia aanze kujiandaa kwa mita 10,000, maana huko ndiko kwetu. Mwalimu yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akirudia alichofundishwa, na aliyemfundisha naye alikuwa akirudia. Ndivyo kasumba inavyorithiwa: hakuna anayekumbuka ilianzia wapi, na kila mmoja huiona kuwa ni akili yake mwenyewe.

Wenye neno hilo hutaja damu, na hutaja milima. Basi na tuwajibu kwa Munich, mwaka 1972. Katika fainali ya Olimpiki ya mita 400, Vincent Matthews na Wayne Collett wa Marekani walitangulia, na Julius Sang wa Kenya akawa wa tatu kwa sekunde 44.92. Sang alikuwa Mnandi, wa kabila lile lile la Kipchoge Keino, bingwa wa mbio za kati na ndefu. Damu ni ile ile, milima ni ile ile. Mbona basi mmoja alizunguka mara moja na mwingine mara nyingi?

Siku chache baadaye Sang alisimama na Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko kukimbia mbio za kupokezana kijiti, mita 400 mara nne. Sang alipokea kijiti akiwa wa mwisho katika kikosi chake, Mjerumani wa Magharibi akiwa mbele, naye akampita. Kenya ikapata dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Wako watakaosema kwamba Wamarekani hawakuwapo siku hiyo. Ni kweli: Matthews na Collett walikuwa wamefungiwa kwa namna walivyosimama jukwaani wakati wa kupewa medali, na mwenzao John Smith alikuwa ameumia. Lakini miaka minne kabla yake, katika jiji la Mexico, Wamarekani walikuwapo wote, wakaweka rekodi ya dunia. Na waliowafuata kwa medali ya fedha walikuwa Wakenya. Tena katika Munich hiyo hiyo John Akii-Bua wa Uganda alikimbia mita 400 za kuruka viunzi katika njia ya kwanza, ambayo kona zake ni kali kuliko zote, akashinda kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Watu hawa si wageni. Ni baba zetu, nasi tumewasahau kwa sababu habari zao haziafikiani na hadithi tuliyosimuliwa juu yetu wenyewe.

Hatusemi kwamba maumbile hayana kazi. Asiye na kasi hataipata kwa kuhutubiwa. Lakini mzunguko mmoja ni mbio za kufundishwa kuliko wengi wanavyodhani. Hakuna binadamu awezaye kukimbia mita 400 zote kwa nguvu zake zote; misuli hujaa asidi, miguu ikawa mizito, na katika mita 100 za mwisho kila mkimbiaji hupungua mwendo. Anayeonekana kuongeza kasi ni yule anayepungua kidogo kuliko wenzake. Kujua kiasi cha kutoa mwanzoni na kiasi cha kuweka, ukiwa katika njia yako peke yako, ni elimu. Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 43.03 huko Rio mwaka 2016, alikuwa katika njia ya nane, hamwoni mshindani hata mmoja mbele yake. Aliyemfundisha kipimo hicho alikuwa Ans Botha, bibi wa miaka 74 mwenye vitukuu. Na walimu wetu wanaojiona wamezeeka wamfikirie bibi huyu.

Na Botswana je? Ni nchi ya watu wasiofika milioni tatu, ilhali Dar es Salaam peke yake ilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na zaidi ya milioni tano. Mwaka 2011 Amantle Montsho alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake wa mita 400. Mwaka 2021 wanaume wao walipata shaba ya Olimpiki katika kupokezana kijiti, mwaka 2024 wakapata fedha, na mwaka 2025 dhahabu ya dunia. Ndori alikuwamo mara zote hizo tatu. Damu ya taifa haibadiliki katika miaka minne, mazoezi hubadilika.

Turudi kwa Simbu, maana wenye neno lao wanamtaja bila ya kumtazama. Baada ya kilomita 42 aliingia kiwanjani pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani, na wakapewa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Walitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu yetu ya mbio ndefu ilipatikana kwa kasi, katika hatua za mwisho.

Kiwanja cha mita 400 ni pande mbili zilizonyooka, kila moja mita 84.39, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.50. Shule yenye eneo la kutosha yahitaji kigingi, kamba na majivu ya jikoni. Kazi hiyo ni ya Jumamosi moja. Jumatatu mwalimu achukue saa, apime kila mvulana na kila msichana, kabla hajamwambia yeyote kati yao kwamba kwao ni wapi.