Zana za akili mnemba nazo zinahitaji lebo



Siku hizi nimeanza kuulizwa kuhusu wasaidizi wa akili mnemba kwenye simu. Sisemi wale wa kupiga nao stori tu. Huyu anapewa kazi: akokotoe mbolea, atafute bei ya choroko, aangalie utabiri wa mvua, amtumie mnunuzi ujumbe. Kila kazi ina zana yake, yaani kipande cha programu, na kila zana ina maelezo mafupi yanayosema inafanya nini na inahitaji taarifa gani.

Maoni yangu ni haya: maelezo hayo msimwachie fundi wa programu peke yake. Kaeni naye muyaandike pamoja, kwa umakini uleule tunaoudai kwenye lebo ya dawa ya wadudu.

Kwa nini? Kwa sababu msaidizi hafungui zana kuona ndani kuna nini. Anasoma jina na maelezo, basi, halafu anaamua aitumie ipi na ajaze namba gani. Ni kama kibarua mgeni uliyemwachia stoo yenye chupa za dawa: lebo ikiwa imefutika, atabahatisha. Tofauti ni kwamba huyu anabahatisha huku anajiamini kabisa.

Chukua neno "heka". Huku Samuye mtu akisema heka anamaanisha ekari. Wataalamu wa utafiti wanaandika kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari 2.5. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 kwa ekari ni sawa na kama kilo 125 kwa hekta. Sasa zana imeandikwa tu "hukokotoa mbolea kwa ukubwa wa shamba". Kijana anaandika "nina heka 4 za mahindi". Msaidizi akijaza hekta 4, jibu linakuja kilo 500, yaani mifuko 10, wakati alihitaji 4. Mifuko 6 ya ziada ni hela ya palizi na ya mbolea ya kukuzia imeondoka. Hapo hesabu haikukosewa hata kidogo. Kilichokosewa ni sentensi moja.

Gunia nalo ni vilevile. Gunia la kilo 100 na lumbesa si kitu kimoja, na bei ya mnada wa AMCOS si bei ya mchuuzi anayekufuata shambani. Zana iliyoandikwa "huleta bei ya mazao" haijakwambia chochote.

Kwa hiyo, kabla hamjamlipa fundi, hakikisheni kila zana imeandikwa mambo haya:

1. Kazi yake hasa. Mfano: "Hukokotoa mifuko ya DAP ya kupandia mahindi."

2. Isitumike lini. Programu ya Nuru inajulikana hasa kwa kutambua magonjwa ya muhogo kama batobato na michirizi kahawia. Mkiunganisha zana ya namna hiyo mkaandika "hutambua magonjwa ya mimea", msaidizi ataipelekea hata picha ya jani la pamba.

3. Kipimo cha kila namba. "Eneo liwe kwa ekari. Mtumiaji akisema heka, ni ekari. Akitaja namba bila kipimo, muulize kwanza."

4. Jibu linakujaje, na likikosekana itakuwaje. Bei iwe ya kilo moja, itajwe soko na tarehe. Kama hakuna bei ya siku hiyo, zana iseme "hakuna taarifa", isirudishe 0. Msaidizi akiona 0 anaweza kukwambia choroko haina thamani.

5. Tahadhari. Zana ya kutuma ujumbe kwa mnunuzi au kulipa hela iandikwe kwamba mwenye mali athibitishe kwanza. Tena hapa maandishi peke yake hayatoshi. Fundi aweke kufuli ndani ya programu yenyewe.

Wapo watakaosema msaidizi ana akili, atajiongeza. Kuna wakati kweli anajiongeza. Lakini hajawahi kukaa Samuye, hajui tunavyopima wala tunavyouziana. Anachojua kuhusu zana yako ni kile ulichomwandikia. Na usidhani dawa ni kuandika gazeti zima. Sentensi nne au tano zilizonyooka zinatosha. Zana mbili zenye maelezo yanayofanana ndizo zitakazomchanganya.

Mkimaliza, jaribuni. Andikeni maswali kumi jinsi mnavyoongea kweli, na Kisukuma mchanganye humo, muone msaidizi anachagua zana ipi na anajaza kipimo gani. Akikosea, anzeni kurekebisha maelezo kabla ya kumlaumu yeye.

Dawa isiyo na lebo hatuinunui, hata iwe bei rahisi namna gani. Na zana hizi tuzipokee kwa sharti hilohilo.